Tuta tupu chini ya ukuta: jinsi ya kulijaza Desemba kwa pesa kidogo, Mombasa

Mvua za vuli zinapoanza kukatika ndipo wengi wetu Mombasa hukumbuka ule ukanda mtupu chini ya ukuta. Wageni wa likizo wako njiani, fundi amemaliza kupaka rangi, na mbele ya nyumba pamebaki kifusi, mchanga wa ujenzi na ndago. Kitaluni maua yamechanua, yanavutia, lakini ukihesabu miche ya kujaza mita sita, pesa ya sikukuu yote imekwenda. Na hata ukiinunua, kaskazi imeshaanza kuvuma. Januari na Februari hazina mvua ya maana, na mche uliokulia chini ya neti ya kivuli ukiwekwa kwenye jua la ukutani hukauka kabla haujalizoea.

Shauri langu ni hili: ukishachelewa, usinunue maua, nunua udongo. Mimea mingi inayovumilia Mombasa humea kwa kijiti tu, na vijiti viko kwa majirani. Nusu ya tuta ijaze kwa mimea ya muda itakayofunika ardhi hadi Machi, na ile unayoitaka idumu ianze kuota mizizi kwenye makopo, kivulini, ikisubiri masika. Nitachukua mfano wa tuta lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 1. Lako likiwa refu au fupi, zidisha au punguza.

Angalia jua kabla ya kushika jembe

Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta. Desemba na Januari jua la mchana huwa limesogea kusini kwetu, kwa hiyo tuta lililo upande wa kusini wa ukuta hupigwa mchana kutwa bila kupumua. Lile la upande wa kaskazini lina nafuu: ukuta wa mita 2 hutupa kivuli cha karibu sentimita 70 saa sita na kitu mchana. Ikifika Juni mambo hugeuka. Kivuli huhamia upande wa kusini, na hupita mita moja. Ndiyo maana utasikia mtu akilalamika kwamba kichaka kilichochanua vizuri Januari kimeacha kutoa maua katikati ya mwaka. Hakijaugua, ni jua limehama.

Tuta linaloelekea magharibi ndilo gumu kuliko yote. Hupata jua la saa nane hadi jioni, na ukuta wa mawe au matofali huendelea kutoa joto hata baada ya magharibi. Hapo panda vya jangwani tu, mpaka masika. Kama nyumba yako imekaribia bahari, ongeza na upepo wa chumvi kwenye hesabu: jani laini na pana litaungua kingo.

Kazi ya siku ya kwanza basi ni kuchomeka vijiti vitatu kwenye tuta na kuvitazama asubuhi, saa saba na saa kumi. Hakuna gharama, na itakuokoa kununua kitu kisichofaa.

Toa kifusi, lakini usipigane na mwamba

Ukanda wa chini ya ukuta ndio jaa la mafundi. Utakuta vipande vya lipu, simenti iliyoganda, misumari, mifuko. Chimba sentimita 30 na uvitoe vyote. Hakuna njia ya mkato hapa. Ndago uing'oe na vitunguu vyake vya chini, maana ukiikata kwa jembe kila kipande hutoa mche mpya.

Nyali, Bamburi, Likoni na sehemu kubwa ya kisiwani utagonga jiwe la matumbawe mapema sana. Wengine huita kijana wa sururu na mtaimbo avunje, na hapo nusu ya bajeti imeishia kwenye shimo. Usivunje. Chukua mawe uliyokwisha kuyatoa, yapange mbele ya tuta kama ukingo wa sentimita 20 hadi 25, halafu inua udongo juu ya mwamba. Mimea nitakayoitaja haihitaji kina kikubwa.

Jambo moja tu: ukiinua tuta, usiegemeze udongo ukutani. Unyevu utapanda, rangi ivimbe na lipu ianze kumomonyoka, na kama umepanga, utakuwa na maneno na mwenye nyumba. Acha nafasi ya sentimita 30 kati ya ukuta na udongo, itie kokoto au vifuu. Nafasi hiyo pia utaitumia kupita nyuma kupogoa.

Jaribio la ndimu

Chukua kijiko cha udongo mkavu, uweke kwenye kisahani, kamulia ndimu au mwagia siki. Sogeza sikio. Ukisikia unachemka na kuona vipovu vidogo, udongo una chokaa. Kwa anayekaa juu ya matumbawe, mara nyingi utachemka. Upande wa Changamwe na Mikindani utakuta udongo mzito zaidi, wa mfinyanzi, na huenda usichemke kabisa. Shida yako huko itakuwa maji kutuama, si chokaa.

Udongo ukichemka, mambo mawili hufuata. La kwanza, acha kumwaga majivu ya jiko kwenye maua. Najua ni desturi, na kwenye udongo wa bara wenye uchachu husaidia, lakini majivu huongeza kile ambacho wewe tayari unacho kupita kiasi. La pili, usinunue iksora wala gadenia za kupanda ardhini, hata zikiwa zimechanua namna gani. Chokaa huzuia mizizi yake isifyonze madini ya chuma. Jani huwa la manjano huku mishipa ikibaki kijani, watu wakaongeza mbolea ya dukani, na jani likazidi kuwa la manjano. Ukiipenda sana iksora, iweke kwenye chungu chenye mboji tupu, uinyweshe maji ya mvua au ya kiyoyozi.

Pesa yote chini

Anayedhani kwenye matumbawe hapaoti kitu aende Bamburi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi na kiwanda cha saruji, alianza kupanda miti kwenye machimbo ambayo yalikuwa yamebaki mwamba mtupu wa chokaa na maji ya chumvi. Alijaribu aina 26 za miti, na tatu tu ndizo zilizosimama, mvinje na mnazi zikiwa miongoni mwake. Mvinje ulikubali, lakini majani yake membamba yalirundikana chini bila kuoza. Suluhu ilikuwa jongoo wetu huyu wa miguu myekundu: aliletwa, akala yale majani, akayageuza udongo. Leo pale ni Haller Park, msitu wenye twiga na viboko.

Kwa tuta lako hii ina maana moja. Majani makavu si uchafu. Yule kijana anayefagia uwanja na kuyachoma kila Jumamosi anachoma udongo wako. Mwambie ayakusanye kwenye gunia.

Hesabu ni hii. Tuta la mita 6 kwa 1 ukilitandaza samadi au mboji ya unene wa sentimita 5, utahitaji lita 300, ambazo ni kama gunia kubwa tatu zilizojaa. Ichanganye na sentimita 20 za juu. Samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza ndiyo nzuri. Kabla ya kulipa, tia mkono katikati ya gunia. Ikiwa ina joto au inanuka zizi, bado ni mbichi. Itaunguza mizizi na kuita mchwa. Iliyoiva ni nyeusi, imepoa, inanuka udongo wa baada ya mvua. Ya kuku ni kali zaidi, usiitumie kama haijakaa miezi kadhaa. Na mchanga wa ufuoni usiuguse: una chumvi, na ni chokaa ile ile ya makombe.

Juu ya hapo panakuja matandazo, na hapa Mombasa tuna bahati. Kila muuza madafu ana rundo la makumbi asilojua alipeleke wapi. Yapasue kwa panga vipande vya kiganja, yaloweke siku mbili kwenye maji baridi, mwaga maji hayo, kisha yatandaze unene wa sentimita 7 au 8. Majani ya mvinje nayo ni mazuri, na makuti yaliyoshushwa paani pia, ukiyakatakata. Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka kila shina, la sivyo shina litaoza au mchwa watapata njia. Tuta lenye matandazo linaweza kukaa bila maji siku mara mbili ya lile lililo uchi, na kwa msimu huu hilo ndilo linaloamua nini kitafika Machi.

Tuseme una shilingi 3,000. Ningeweka 1,500 kwenye samadi, 500 kwa mwenye mkokoteni au tuktuk ya kuileta, na 1,000 iliyobaki ndiyo ya mimea na mbegu. Fundi wa bustani atakugeuzia hesabu hii kichwa chini. Msikilize, mshukuru, usimfuate.

Kuomba vijiti

Desemba watu hupogoa ili nyumba zipendeze, na matawi hurundikwa nje ya geti yakisubiri kuchomwa au kubebwa na gari la taka. Pita asubuhi.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Nimeona mmepogoa bogenvilia. Haya matawi mnayatupa?"

"Chukua yote, utanipunguzia kazi. Ile ya nyuma rangi yake ya chungwa, ngoja nikukatie na wewe."

Mara nyingi huwa hivyo. Mtu wa maua hupenda kuombwa kuliko kuibiwa, na usikate kijiti cha mtu kilichopita ukuta ukidhani ni cha barabara. Ukipewa, rudisha kitu: mche wa rehani, papai, hata kopo la samadi. Nenda na gazeti lililoloweshwa na mfuko wa kitambaa. Kijiti kikikaa juani nusu saa kimeshapungua nguvu.

Kila mmea una namna yake:

Bogenvilia: tawi gumu la unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Chini kata mshazari, juu kata sawa, ili usije ukakipanda kichwa chini. Toa majani yote. Panda vijiti vinne kwenye kopo moja, kivulini, na usivivute kuangalia mizizi. Majani ya kwanza hayana maana, hutoka kwa akiba ya mti wenyewe. Mizizi huchukua wiki sita hadi nane. Kwa hiyo bogenvilia ni ya masika, usiitarajie kwenye tuta mwezi huu.

Hibiskasi na kroton: vijiti vya sentimita 10 hadi 15 vilivyokomaa nusu, si vya kijani wala vya mti mkavu. Acha majani mawili juu na uyakate nusu yapunguze jasho. Wiki nne hadi sita.

Franjipani: hii inapenda ukame, kwa hiyo msimu huu ni wake. Kata tawi la sentimita 30, litoe utomvu, lilaze kivulini wiki moja au mbili mpaka jeraha likauke kabisa. Ndipo ulipande kwenye mchanga wenye unyevu kidogo sana. Wanaoua franjipani huiua kwa maji. Utomvu wake unawasha, nawa mikono.

Mshubiri na sanseveria (ile yenye majani marefu yaliyosimama, kingo za manjano): zitenganishe machipukizi, usikate majani. Jani la sanseveria lililokatwa litaota, lakini mche utakaotoka utakuwa kijani kitupu, kingo za manjano hupotea. Mshubiri uukaushe siku mbili kabla ya kupanda.

Setikresia, ule mmea wa zambarau unaotambaa, na portulaka, ule mdogo wa vijani vinene vyenye maji: kata kipande chenye vifundo vitatu, zika viwili. Basi. Ndani ya wiki mbili imeshika.

Mhina huota kwa kijiti, unavumilia jua, na ukipogolewa unakuwa ua mzuri wa nyuma ya tuta, mbali ya kwamba harusi za mtaani zitakujua. Mchaichai unagawanywa shina kwa shina, majani yakikatwa yabaki shubiri moja. Asumini hutaki kuikata: lilaze tawi refu chini, likwaruze upande wa chini, lifukie kwa jiwe juu, na ulitenganishe na mama yake baada ya miezi miwili au mitatu. Ukiwa na asumini na rehani kwenye tuta moja, una nusu ya kikuba, kile kifungu cha maua na majani ya kunukia, tayari.

Mmoja wa kukataa hata ukipewa bure ni wedelia, ule wenye maua ya manjano yanayotambaa kila mahali. Utafunika tuta kwa mwezi, kweli, kisha utafunika na kila kitu ulichopanda.

Makopo si ya kununua. Makopo ya rangi, ndoo iliyopasuka, mitungi ya mafuta ya kupikia iliyokatwa katikati, pakiti za maziwa kwa vijiti vidogo. Toboa matundu chini, manne angalau.

Kupanga na kupanda

Sasa pesa ile 1,000. Nenda kwenye vitalu vya kando ya barabara ya Malindi, kuanzia Nyali kwenda Mtwapa, au kilicho karibu nawe, jioni, wakati wenyewe wanamwagilia na wana nafasi ya kuzungumza. Usiulize bei ya kilichochanua. Uliza kilichosongamana kwenye mfuko: mche mmoja wa roeo (ule mfupi wenye majani ya zambarau kwa chini) au lili nyeupe ya petali nyembamba uliokaa muda mrefu huwa umezaa mitatu minne ndani, na ukifika nyumbani unaugawanya. Uliza pia kilichovunjika. Kroton iliyovunjika kichwa hupunguzwa bei, na kuvunjika huko ndiko kutakakoifanya itoe matawi.

Nunua miche mitatu mikubwa tu ya kusimama nyuma, ya aina moja. Hili watu hulikosea: hununua kila kitu kimoja kimoja, na tuta likaonekana duka. Aina chache kwa makundi hujaza jicho zaidi kuliko aina nyingi zilizotawanyika. Nyuma weka hizo tatu, umbali wa mita 2 kati yao. Katikati yao mhina au mchaichai. Mstari wa kati, makundi ya sanseveria au mshubiri, matatu matatu. Mbele kabisa roeo au setikresia kila sentimita 25, ikipindapinda kidogo, si kama mstari wa askari.

Panda kuanzia saa kumi na moja jioni. Jaza shimo maji kwanza, yanywe, ndipo uweke mche. Gandamiza kwa viganja, mwagilia tena, rudisha matandazo. Kwa siku kumi za mwanzo, chomeka kipande cha kuti upande wa magharibi wa kila mche laini. Kitakata jua la mchana na kuacha upepo upite. Mshubiri na portulaka havihitaji.

Vijazio vya haraka

Hata baada ya yote hayo tuta litaonekana na mapengo, na wageni wanakuja. Hapo ndipo penye kijazio ninachokipenda kuliko vyote, na hakiuzwi kitaluni: mashina ya viazi vitamu. Mkulima yeyote atakupa mzigo kwa bei ya soda. Kata vipande vya sentimita 30, zika theluthi mbili ukilaza, kila sentimita 30. Kwa wiki sita hadi nane ardhi imefunikwa majani mazuri, udongo umepoa, ndago imekosa jua. Ukipata ile yenye majani ya zambarau, hakuna atakayejua kwamba ni viazi. Majani machanga ni mboga, na chini kutakuwa na viazi.

Kunde za dukani, zile za kupika, nazo huota ndani ya siku nne na kulisha udongo naitrojeni. Zipande nyuma, kati ya vichaka.

Kwa rangi, zinia na marigoldi. Pakiti ya mbegu ya agroveti inatosha tuta zima na kubaki. Zinia iko nje kwa siku tano hivi na inachanua kwa miezi miwili, kwa hiyo ukipanda mapema Desemba utaiona Februari. Si ya Krismasi. Ya Krismasi ni portulaka, ambayo ukichomeka vipande vyenye vitumba leo, inaendelea kuchanua kana kwamba haijakatwa. Marigoldi unaweza kuipata bure: baada ya Diwali, mashada ya manjano na chungwa huanikwa hadi yakauke. Omba moja, vunja vichwa vilivyokauka utafute mbegu ndefu nyeusi zenye mkia mweupe. Si kila kichwa kina mbegu iliyokomaa, lakini shada moja lina vichwa vingi.

Vinka, yenye maua ya waridi na meupe, huota hadi kwenye ufa wa simenti, na mbegu zake hudondoka zenyewe. Ni sumu ikiliwa, sawa na oleanda, kwa hiyo kama una mtoto anayetambaa iache.

Maji

Mombasa hutegemea maji yanayotoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na kila mwenyeji anajua mfereji unavyokuwa mkavu siku usiyotarajia. Kumwagilia maua kwa maji ya kununua kwa mtungi ni kichekesho. Kwa hiyo panga maji kabla ya kupanga rangi.

Tuta la mita 6 kwa 1 likinyweshwa vizuri linahitaji lita 60, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Wiki mbili za kwanza, mpe kila mche kikombe au viwili kila jioni. Baada ya hapo acha kunyunyiza kila siku. Mwagilia mitungi mitatu mara mbili kwa wiki. Kunyunyiza kidogo kila siku hufundisha mizizi kubaki juu, na juu ndiko kunakochomeka.

Maji ya kisima yana chumvi sehemu nyingi za mji. Dalili ni sabuni kukataa kutoa povu, na ncha za majani kuwa kahawia. Ukiyatumia, mwaga chini, kamwe usirushe juu ya majani, na kila baada ya wiki mbili mwaga mengi kwa mara moja yasukume chumvi chini ya mizizi. Ukipata maji matamu, hiyo ndiyo kazi ya kuyatumia.

Na yapo yanayopotea bure. Kiyoyozi cha chumba kimoja hudondosha lita kadhaa kwa siku msimu huu wa joto, maji yasiyo na chumvi hata chembe. Weka ndoo chini ya ule mpira. Maji ya kuoshea mchele na mboga ni mazuri. Ya vyombo yanafaa kwa vichaka kama sabuni ni kidogo, si kwa rehani wala majani ya kula, na yenye jiki usimwage popote.

Kwa miche mitatu mikubwa, toboa tundu moja la sindano kwenye kifuniko cha chupa ya lita moja na nusu, kata kitako, ichomeke kichwa chini karibu na mizizi. Jaza kila unapopita.

Wageni wasioalikwa

Kunguru atang'oa vijiti vyako, si kwa njaa, kwa ushetani tu. Lalisha matawi ya miba ya bogenvilia juu ya sehemu uliyopanda mpaka mizizi ishike. Mbuzi wa mtaani hula karibu kila kitu kasoro mshubiri, sanseveria na franjipani. Kama geti lenu halifungwi, hizo ndizo ziwe mbele. Konokono wale wakubwa hawatasumbua sana kaskazi, lakini mvua ikirudi hujificha kwenye matandazo, waokote usiku kwa tochi. Vidung'ata, ule unga mweupe kwenye hibiskasi, wasugue kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kabla hawajaenea. Mchwa wakionekana, sogeza makumbi mbali na shina na umwagilie sehemu hiyo zaidi. Majani ya mkilifi yaliyopondwa na kulowekwa usiku mmoja watu huyamwaga hapo, na kwa uvamizi mdogo yanasaidia.

Kuelekea masika

Machi ndio mwezi wa joto kali. Usipande kitu, usipogoe, usitie mbolea. Ongeza matandazo tu yaliyopungua. Mwisho wa mwezi geuza makopo uone mizizi ya bogenvilia na hibiskasi ikichungulia matunduni, na uzisogeze kidogo kidogo juani, kwa muda wa saa mbili tu asubuhi kwanza.

Mvua za kwanza za Aprili zikilowesha udongo kiganja kimoja kwenda chini, anza kubadilisha. Kata kunde usawa wa ardhi, mizizi ibaki. Zinia zilizokauka zikung'ute hapo hapo. Kila pengo linapofunguka, tia kichaka kimoja cha kopo, kwa mpango ule ule wa makundi, ukikumbuka kivuli cha Juni kitaangukia upande gani. Viazi vitamu ving'oe mapema mwezi huo kabla mvua ya Mei haijakaa, kwa sababu vikilala kwenye udongo uliolowa wiki mbili tatu huanza kuoza. Vipande vichache vya mashina vitie kwenye kopo lenye udongo, uviweke kando kwa ajili ya atakayekuja kukuomba.